Uji wa soya, binti wa miaka tisa na kifundo chini ya chuchu

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Wete, Pemba. Binti yangu wa kwanza ana miaka tisa, na tangu alipokuwa na minne kila asubuhi anakunywa uji wa lishe wenye soya. Wiki mbili hizi analalamika ziwa la kushoto linamuuma. Nilipomgusa nikakuta kifundo kigumu chini ya chuchu, upande mmoja tu. Mama mkwe anasema ni ile soya, ina homoni za kike, itamvunjisha ungo mapema na baadaye itamletea saratani. Mama yangu mkubwa alikatwa ziwa miaka mitatu iliyopita akiwa na miaka 58, ndiyo maana silali. Uji nimeusimamisha. Je, nimemdhuru mwanangu? Na huyo mama mkubwa naye, soya anaruhusiwa?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Nianze na kifundo, maana hicho ndicho kinachokunyima usingizi. Soya itangoja kidogo.

Msichana aliye baina ya miaka minane na kumi na mitatu, mwili ukianza kupevuka, dalili ya mwanzo kabisa aghalabu ni hiyo uliyoigusa: kifundo kidogo kama kifungo cha koti, kigumu kama raba ya kufutia, kimekaa sawasawa chini ya chuchu. Kinauma. Kinauma akilalia kifua, akikumbatiwa, mkoba wa chuo ukimgonga. Wasichana wengi huanza upande mmoja, na wa pili hufuata baada ya wiki chache, wakati mwengine hata miezi sita. Hilo ni chipukizi la ziwa. Saratani ya ziwa kwa mtoto wa umri huo ni nadra kiasi kwamba madaktari wengi hustaafu bila ya kuiona hata mara moja.

Mpeleke kituo cha afya aangaliwe, ili nawe upate kulala. Lakini kuna jambo moja nakuomba ulishike sana: mtu asije akakwambia kifundo hicho kikatwe, au kichomwe sindano kutolewa kinyama cha kupima, kabla hajaonwa na daktari bingwa. Chipukizi hilo ndilo ziwa lake lote la baadaye. Likikatwa, upande ule unaweza usiote tena, na wako wanawake wanaoishi na kifua cha upande mmoja kwa sababu ya haraka ya namna hiyo. Daktari akiwa na shaka, picha ya altrasaundi haimuumizi mtoto na humwonesha mengi. Wala msilikande kwa maji ya moto, wala msibandike dawa yoyote.

Yatakayokufanya uharakishe ni haya: chuchu ikitoa damu au usaha, ngozi ikiwa nyekundu na ya moto pamoja na homa, au kifundo kikiwa pembeni, mbali na chuchu, na kinakua upesi. Na mtoto anayeota matiti kabla hajatimiza miaka minane apelekwe kwa daktari hata kama hana maumivu. Wako ana tisa. Amo ndani ya wakati wake.

Sasa twende kwa mama mkwe, na nakuomba usimpuuze, kwa sababu alichokisema kina chembe ya ukweli. Soya ina viambata viitwavyo isoflavoni, na vikubwa ni viwili, jenisteini na daidzeini. Umbo lao linafanana na estrojeni, homoni ya kike inayootesha matiti na kuendesha hedhi. Kunde, choroko, mbaazi na fiwi zetu zinazo kwa kiwango kidogo mno. Soya imezipita zote kwa mbali. Kwa hiyo mtu anayesema soya ina kitu mfano wa homoni ya kike hajasema uongo.

Ila kufanana si kuwa kitu kimoja. Chukulia seli ya ziwa ni shamba, na mle ndani mna kigoda cha mwenye shamba. Estrojeni ikikikalia, kazi inaanza: seli zinagawanyika, mirija inarefuka. Isoflavoni ni kama kibarua aliyekikalia kigoda kile. Kiti kimeshikwa, mwenyewe akija hapati pa kukaa, lakini amri za kibarua ni hafifu. Tena vigoda ni vya aina mbili, alfa na beta, na isoflavoni hupendelea zaidi beta, ambacho mara nyingi kazi yake ni kuzuia seli zisikue kupita kiasi. Ndiyo maana kitu kilekile kinaweza kuchochea mahali pamoja na kutuliza mahali pengine.

Hofu iliyoenea duniani, mpaka ikamfikia mama mkwe Wete, ilitoka kwa panya. Watafiti walichukua panya wadogo walioondolewa ovari, vifuko vya mayai vinavyotengeneza estrojeni, na wasio na kinga ya mwili, wakawapandikiza seli za saratani ya ziwa ya binadamu, zile zinazolishwa na estrojeni. Walipowapa jenisteini, uvimbe ukakua. Utafiti ulikuwa wa kweli na ulifanywa vizuri. Lakini panya yule hakuwa na estrojeni yake mwenyewe, saratani alikuwa nayo tayari, na mwili wa panya hausagi isoflavoni kama wetu. Kumtoa pale na kumpeleka kwa binti mzima wa afya anayekunywa kikombe cha uji ni safari ndefu ambayo utafiti wenyewe haukuifanya.

Ulichoniuliza khasa ni umri: je, kula soya utotoni kunaacha alama katika ziwa la baadaye? Nadhani kunaacha. Na alama yenyewe, kwa tunayoyajua hadi sasa, inaelekea upande wa kheri.

Kwamba ziwa changa lina kumbukumbu, hilo lilijulikana kwa njia ya kusikitisha. Agosti 1945 mabomu ya atomiki yalipoangushwa Hiroshima na Nagasaki, mionzi iliwapiga wanawake wa rika zote, vikongwe na watoto. Walionusurika walifuatiliwa kwa miongo mingi. Hatari ya saratani ya ziwa ilipanda zaidi kwa waliokuwa hawajatimiza miaka 20 siku ile. Waliokuwa watu wazima nao waliathirika, lakini si kwa kiwango kile. Mkulima wa Pemba hahitaji kuelezwa hili kwa kirefu: mche wa mkarafuu ukiumia ungali kitaluni, kovu utalikuta mtini miaka mingi baadaye, ilhali mti mzima unakatwa tawi na unaendelea kuzaa.

Ziwa la msichana lina ncha za mirija zilizojaa seli changa, zinazogawanyika kwa kasi kuliko wakati mwengine wowote. Seli hizo ndizo rahisi kuharibika. Kadiri miaka inavyokwenda, ncha zile hukomaa na kuwa vijifuko vya kutengenezea maziwa, na seli iliyokomaa ni ngumu zaidi kugeuka saratani. Ukomavu wa mwisho huja kwa mimba na kunyonyesha.

Katika miaka ya 1990 Coral Lamartiniere na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, waliwapa panya wachanga jenisteini kabla hawajapevuka, halafu baadaye wakawapa kemikali inayoleta saratani ya ziwa. Panya hao walipata uvimbe mchache kuliko wenzao ambao hawakupewa. Walipoyachunguza matiti yao, zile ncha changa zilikuwa zimepungua, zimekomaa mapema. Yaani jenisteini iliyokuja utotoni ilifanya kama mwalimu aliyewahi: ililifundisha ziwa kukomaa. Panya waliopewa ukubwani tu hawakupata faida ya kiasi kile.

Mwaka 2009 zilitoka tafiti mbili za wanawake ambazo mimi huzirudia sana. Moja iliwahoji wanawake wa asili ya China, Japani na Ufilipino wanaoishi California na Hawaii, 597 kati yao wakiwa na saratani ya ziwa. Waliulizwa walikula soya kiasi gani ujanani na ukubwani; kuhusu miaka 5 hadi 11, waliulizwa mama za baadhi yao. Waliokula zaidi utotoni walikuwa na hatari iliyo chini kwa asilimia 60 hivi kuliko waliokula kidogo. Kwa soya ya ujanani na ukubwani tafauti ilikuwepo, lakini ndogo zaidi. Utafiti wa pili ulitoka Shanghai, wanawake 73,223 waliofuatiliwa kwa miaka kama saba. Huko waliokula soya kwa wingi tangu ujana, wakaendelea nayo, walipata kwa uchache zaidi saratani ile inayokuja kabla ya kukoma hedhi.

Namba hizo ni nzuri, na mimi nazipenda, lakini siwezi kukwambia zimefunga mjadala. Mtu anaulizwa ana miaka 50 alikula nini ujanani. Mimi ukiniuliza nilichokula darasa la pili, nakumbuka mihogo ya nazi ya bibi na pweza wa siku ya Idi. Siku za kawaida katikati zimefutika. Kwa miaka ya utotoni watafiti wa California waliliona tatizo hilo, ndiyo maana wakawauliza akina mama, na ni vizuri kwamba walifanya hivyo, ingawa waliopatikana walikuwa wachache. Lingine ni kwamba aliyelelewa kwa soya Asia hakulelewa kwa soya peke yake. Alikula samaki na mboga, alitembea kwa miguu, alikuwa mwembamba. Na hakuna aliyewagawa wasichana makundi mawili, hawa wale soya na hawa wasile, kisha akangoja miaka 40 aone. Kwa hiyo nasema hivi: soya ya chakula, utotoni, haijaoneshwa kuleta saratani ya ziwa, na upo ushahidi unaoelekea kwenye kinga. Hayo yananitosha kukwambia urudishe uji. Hayanitoshi kukwambia umlishe soya kama dawa.

Kuhusu kuvunja ungo mapema, Wajerumani waliwafuatilia watoto wao mwaka hadi mwaka tangu wadogo, wakakuta wasichana waliokula isoflavoni nyingi zaidi walianza kuota matiti miezi kadhaa baada ya wenzao, si kabla. Kinachoharakisha kupevuka, na hili limeonekana nchi nyingi, ni unene wa utotoni. Mafuta ya mwilini yenyewe ni kiwanda cha estrojeni. Kwa hiyo sukari inayoingia ndani ya uji, na soda na chipsi za jioni, zina kesi ya kujibu kuliko soya iliyomo.

Tupime kikombe chako. Unga wa lishe mzuri huwa na sehemu moja ya soya kwa tatu za nafaka, mahindi, mtama au uwele. Kikombe cha mtoto kinachukua unga wa gramu 40 hivi, basi soya ni gramu 10, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa. Humo mna isoflavoni miligramu 15 hivi. Mjapani mtu mzima anayekula kwa desturi yake hupata baina ya miligramu 25 na 50 kwa siku. Mwanao yumo ndani ya mipaka ya chakula cha kawaida cha watu, tena watu ambao saratani ya ziwa kwao ilikuwa chini sana kabla ya wajukuu wao kuhamia Marekani na kubadilisha sahani. Ninachokikataa ni vidonge na poda za isoflavoni zinazouzwa madukani na mitandaoni kuwa zinarembesha kifua. Msichana asiguse. Humo si chakula tena, na kipimo hakijulikani.

Nikiwa nazungumzia unga, acha nikae hapa kidogo, kwa sababu hatari niliyoiona kwa macho yangu katika soya si homoni. Nilikuwa jikoni kwa mama mmoja Micheweni, mchapakazi kweli, kanunua soya yake iliyokuja na boti kutoka bara, kaipepeta, kaiosha, kaianika kwenye jamvi siku mbili, akaipeleka mashineni mbichi pamoja na mahindi. Mtoto wake wa mwisho tumbo lilikuwa limejaa gesi, anaharisha, uzito hauongezeki. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kuusaga protini. Uji wa kuchemka dakika kumi haukiui chote. Chemsha maji kwanza, yakitokota ndiyo utie soya, ziache zichemke nusu saa. Mimina maji yale, zifikiche maganda yatoke, anika hadi zikauke kabisa, kisha kaanga kavu mpaka zinukie kama njugu. Hapo peleka mashineni. Tulipokwisha, mama yule aliuweka unga wa zamani na mpya katika viganja viwili akainusa. Wa kwanza ulinuka majani mabichi. Hakuniuliza tena kwa nini.

Na unga usikae miezi katika mfuko wa plastiki kwenye unyevu wetu wa kisiwani. Mahindi na karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu, na hiyo ndiyo inayojulikana bila ubishi kuleta saratani, ya ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Saga kidogo kidogo, wa wiki mbili tatu, na punje iliyobadilika rangi itupe.

Lingine dogo: soya huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na binti anayekaribia hedhi anayahitaji. Mpe kipande cha chungwa au embe pamoja na uji, na chai ya rangi ingoje saa moja.

Uliye na mtoto mchanga nyumbani, hayo niliyoyasema yasimhusu. Mtoto wa chini ya miezi sita chakula chake ni ziwa la mama tu. Maziwa ya kopo ya soya ni suala jengine: mtoto anayeyategemea peke yake hupata isoflavoni nyingi mno kwa uzito wake, mara kadhaa kuliko Mjapani mzima. Waliolelewa kwayo walipofuatiliwa Marekani, watu 811 pamoja na wenzao wa maziwa ya ng'ombe, matokeo yaliyochapishwa 2001 hayakuonesha madhara makubwa ukubwani, isipokuwa hedhi za wanawake zilirefuka kidogo. Hata hivyo Uingereza hawayapendekezi kabla ya miezi sita bila ya ushauri wa daktari, nami naafikiana nao. Na maziwa ya soya ya pakiti ya dukani si maziwa ya mtoto mchanga hata kidogo.

Ungeniuliza nini cha kumlinda binti huyu zaidi ya soya, ningesema miguu yake. Kwetu msichana akishaota kifua, michezo inakwisha. Kaka yake anaendelea kukimbia uwanjani, yeye anaambiwa akae ndani, na mwili unaongezeka. Mazoezi na uzito wa wastani vina ushahidi mkubwa katika saratani ya ziwa kuliko chakula chochote kimoja. Tafuteni namna inayostahiki: kuruka kamba uani na wenzake, kutembea kwenda skuli badala ya bodaboda, kulima na babu. Na akija kuolewa akapata watoto, anyonyeshe kwa muda mrefu. Hesabu zilizokusanywa kutoka tafiti 47 za nchi 30, zikachapishwa 2002, zilionesha kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya mama kwa asilimia 4.3.

Mama yako mkubwa naye anaweza kula soya ya chakula. Shanghai waliwafuatilia wanawake 5,042 waliokwishatibiwa saratani ya ziwa, na waliokula soya zaidi walirudiwa na ugonjwa kwa uchache na walikufa kwa uchache, hata miongoni mwa wanaotumia tamoksifeni, dawa inayoizuia estrojeni kwenye ziwa. Vidonge vya isoflavoni yeye pia asitumie, na amwambie daktari wake kila anachokula cha dawa za asili. Kuhusu damu ya ukoo: ndugu mmoja, aliyeugua akiwa na 58, hakufanyi wewe na binti yako kuwa watu wa kurithi. Tungeshughulika zaidi lau wangekuwa wawili watatu wa upande mmoja, au mtu aliyeugua kabla ya miaka 50, au mwanamme mwenye saratani ya ziwa. Wewe jipapase kila mwezi hedhi ikikatika, na ukikuta kifundo kipya nenda hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, au ya Mnazi Mmoja, Unguja, ukapimwe wiki hiyohiyo. Wanawake wetu wengi hufika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umekwishafika hatua ya tatu au ya nne, baada ya miezi ya kuficha kwa aibu na kubandika dawa.

Leo usiku, kabla ya uji wa kesho, kaa na binti yako. Wiki zote hizi mbili hajui kinachomtokea. Anajua tu kwamba mama alimgusa kifuani, uso ukambadilika, na uji ukaondoka. Mwambie kinachouma ni ziwa lake linaota, kwamba nawe lilikuuma, na kwamba la pili litakuja. Mshonee shimizi laini la pamba lisilombana, mkoba wa chuo auvae mgongoni. Na mama mkwe awepo mkizungumza, ayasikie kwa masikio yake, kwa sababu maswali mengine binti ataona haya kukuuliza wewe, na atakwenda kwa bibi yake.